Atakanti (mshambuliaji) wa hoki wa Scotland na mayo (jezi) mbili: kazi yake inaendaka namna gani?

BintiBirere (Goma)

Jambo bandugu, niko na swali na liko refu kidogo, munivumilie.

Mi ni wa Birere hapa Goma, lakini miaka mitatu ya sekondari niliisomea Kampala kwa mama mdogo, na kule njo nilijulia hoki, ule mpira wa magongo wa kwenye majani, si ule wa barafu. Shule ilikuwa inatupeleka Lugogo siku ya jumamosi na mimi walinipanga mbele, atakanti, juu nilikuwa na mbio na sikuogopa ule mpira mgumu. Wakati wa kurudi nyumbani gongo langu nikamwachia mwenzangu aliyekuwa hana. Kufika Goma nikatafuta lingine mpaka nikachoka, mwisho nikaenda kwa fundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nikamuonesha picha kwenye telefone. Yule mzee hakuuliza mengi, alichagua kipande cha mkaratusi kilichojipinda chenyewe karibu na mzizi, akasema mti mnyoofu ukiulazimisha kupinda siku moja utakupasukia mkononi. Gongo la kwanza alilichonga bapa pande zote mbili kama mwiko, nikamwambia hapana mzee, bapa ni upande wa kushoto tu, wa kulia uwe mviringo, na ukicheza mpira kwa ule mviringo arbitri anapiga filimbi. Akarudia. Sasa nikona gongo, ni zito kuliko la dukani lakini linapiga.

Swali sasa. Juzi nilikuwa na mega kidogo nikatazama tena ile mechi ya shaba ya wanawake ya Olimpiki ya Tokyo, Great Britain na India, tarehe 6 mwezi wa 8, 2021. Munaikumbuka? GB walitangulia 2-0, India wakarudisha zote mbili na kuongeza, zile mbili za Gurjit Kaur zilifuatana dakika ya 25 na 26, zote za kona ya penaliti (pigo la adhabu karibu na goli), halafu Vandana Katariya dakika ya 29, wakaenda mapumziko India 3 GB 2. Nikifika pale moyo unanidunda hata kama najua mwisho. Ikaisha 4-3 kwa GB. Goli la pili la GB, la dakika ya 24, alifunga Sarah Robertson, na nikasikia kwamba huyu ni wa Scotland. Nikatafuta video zake zingine nikamkuta kweli amevaa mayo ya Scotland anacheza mashindano ya Ulaya.

Sasa inawezekana aje mtu moja kuwa na ekipi mbili za taifa? Kwenye futboli ukishacheza na Leopards wakubwa, ekipi ya taifa ya Congo, mashindano kwa mashindano ni kama umefunga ndoa. Na kazi ya atakanti kama huyu inaanzia wapi, anakula kwa hoki au ana kazi ingine pembeni? Nauliza juu kuko mabinti saba hapa kwetu ninawafundisha asubuhi mbele ya shule, na wananiuliza maswali ambayo mi mwenyewe sina jibu lake.

Kochi_Kadutu (Bukavu)

Dada yangu wa Goma, jambo sana. Mi ni kochi wa basketi lakini Olimpiki naifuatilia toka utoto, baba alikuwa anatuwekea radio usiku, kwa hiyo hapa naweza kukusaidia kidogo.

Scotland kwenye hoki ni nchi kamili. Kombe la dunia, mashindano ya Ulaya, michezo ya Jumuiya ya Madola, kule kote Scotland wanaenda peke yao, England peke yao, Wales peke yao. Lakini kwenye Olimpiki hakuna kiti cha Scotland, kuko kiti kimoja tu cha Great Britain, basi wale watatu wanachangia wachezaji wanatengeneza ekipi moja. Ligi ya FIH, shirikisho la hoki la dunia, inayoitwa Pro League, ile iliyoanza 2019, kuko misimu wamecheza kama GB na misimu mingine England walicheza peke yao. Kwa hiyo Robertson hakuhama nchi, hizo mayo mbili ni zake zote mbili kwa sheria. Upande wa Ireland iko tofauti kidogo, kule hoki ni ya kisiwa kizima, na mchezaji wa Ireland ya Kaskazini anaweza kuchagua Ireland au GB.

Ila haikuwa hivi toka mwanzo, na hapa acha nikuhadithie kitu nakipendaka sana. Hoki iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza London 1908, na mwaka ule kila mtu alikuja na jina lake, England, Ireland, Scotland, Wales, pamoja na Ujerumani na Ufaransa. Tarehe 29 mwezi wa 10 Scotland wakacheza na Ujerumani. Dakika ya pili tu, goli. Mfungaji ni Ivan Laing, kijana wa Hawick, mji wa viwanda vya nguo huko kusini ya Scotland karibu na mpaka wa England, eneo wanaliita Borders. Hilo ni goli la kwanza la hoki katika historia yote ya Olimpiki, dada, na limefungwa na mtu wa Scotland. Siku ile walishinda 4-0, halafu nusu fainali England wakawachapa 6-1, wakabaki na shaba pamoja na Wales.

Sasa angalia. Sarah Robertson naye ni wa hukohuko Borders, upande wa Selkirk, na kutoka Selkirk mpaka Hawick ni kama kilomita 20 hivi, hapa kwetu ni kama kutoka Goma kwenda Sake unapunguza kidogo. Miaka 113 baadaye binti wa vijiji vilevile anafunga goli Tokyo anarudi na shaba ileile. Mi nikifikiriaka hilo nasikia baridi ku mgongo.

Laing mwenyewe hakuzeeka. Vita ya kwanza ya dunia ilimchukua, alikufa Ufaransa 1917 akiwa askari, miaka 32.

YayaWaHimbi (Goma)

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili. Mimi niliishi Glasgow miaka miwili kwa masomo, na karibu na nilipokaa kulikuwa na ule uwanja wa hoki wa Glasgow Green uliojengwa kwa ajili ya michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2014. Nilikuwa sijui chochote kuhusu mchezo huu. Nilianza kwenda kwa sababu ya upweke tu, jumamosi mchana pale kiingilio cha mechi za klabu hakikunisumbua na watu walikuwa wanasalimia.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni maji. Dakika chache kabla ya mechi mitambo inawashwa pembeni mwa uwanja na yanarushwa maji mengi juu ya zile nyasi za plastiki mpaka zinang'aa, kisha wasichana wanaingia na soksi zinalowa papo hapo, na nyuzi joto 4 nje. Mpira ukipigwa unateleza bila kurukaruka na nyuma yake unaacha mstari wa maji kama mtumbwi. Ndiyo maana wanacheza haraka vile.

Nikae kidogo kwenye kazi ya mshambuliaji, maana pale ndipo nilipoupendea mchezo. Goli halihesabiwi ukipiga kutoka mbali. Kuna nusu duara mbele ya goli, mita 14.63 kutoka kwenye mstari, na lazima mpira uguswe na mshambuliaji akiwa ndani yake. Kwa hiyo maisha yote ya mshambuliaji ni kuingia mle na kufanya kitu kabla hajafungiwa njia. Na mara nyingi hapati nafasi ya kupiga. Basi anafanya nini? Anatafuta mguu. Ndiyo, mguu wa beki! Mpira ukimgusa beki mguuni ndani ya nusu duara ni kona ya penaliti, na kona ya penaliti ni nusu ya goli, wewe mwenyewe umesema India walifunga mbili za kufuatana kwa njia hiyo, na goli la ushindi la GB siku ile, la Grace Balsdon dakika ya 48, lilitokana na kona pia. Kulikuwa na msichana mmoja wa klabu pale Glasgow sikumwona akifunga hata mara tatu msimu mzima, lakini kila mechi aliwapatia wenzake kona tatu nne, anainamisha bega, anamlaza beki upande, halafu anausukuma mpira taratibu kabisa kwenye kiatu. Watu wanaojua walikuwa wanampigia yeye makofi zaidi kuliko mfungaji.

Jambo lingine, mshambuliaji hakai uwanjani mechi nzima. Mechi ni robo nne za dakika 15 na kubadilishana wachezaji hakuna mwisho, unatoka unapumua unarudi. Sababu ni kwamba yeye ndiye beki wa kwanza, mpira ukipotea anakimbia kuwabana mabeki wa wale wengine wasitoke, na mbio zile ukizifanya kwa dakika sita kwa nguvu zako zote mapafu yanawaka.

Kuhusu maisha yao. Robertson alipitia hoki ya huko Borders, akacheza timu ya chuo kikuu cha Edinburgh, kisha akashuka England, Holcombe, halafu Hampstead & Westminster ya London. Huko kushuka ndiko kunakowauma Waskoti wengi. Kikosi cha GB hufanya mazoezi ya pamoja Bisham Abbey, magharibi ya London, siku kadhaa kila wiki, kwa hiyo ukitaka Olimpiki lazima uhame nyumbani kwenu ukapange chumba kusini. Wanalipwa, ndiyo, pesa zinatoka UK Sport na sehemu kubwa ni za bahati nasibu ya taifa, lakini si mshahara wa futboli, ni ya kukufanya uishi na ufanye mazoezi. Na nafasi ni 16 tu Olimpiki, kwa nchi tatu, na England ina wachezaji wengi mno. Rio 2016 GB walipochukua dhahabu kwa kuwatoa Waholanzi kwa mapigo baada ya 3-3, Robertson hakuwamo. Akangoja miaka mitano. London 2012 walikuwemo Waskoti wawili kwenye shaba, Emily Maguire na Laura Bartlett, na Barcelona 1992 alikuwemo Alison Ramsay. Ukihesabu hivyo unaona mlango ulivyo mwembamba.

Papa_Kamalondo (Lubumbashi)

Bandugu, mi niko mu Lubumbashi, nilisoma yote hii na heshima, lakini acha niseme kitu moja na dada asinikasirikie juu niko naye na binti ya miaka yake.

Hiyo mchezo inaomba maji. Yaya amesema mwenyewe, banamwangia maji ku tereni mbele ya kucheza. Goma, ziwa iko pale mbele ya macho na bamama banapiga mstari na bidoni toka saa kumi na moja ya asubuhi. Sasa unafundisha mabinti saba mchezo ambayo tereni yake ya kweli hawataiona. Futboli mabinti yetu banaweza, TP Mazembe ya wanawake ilichukua kombe ya klabu bingwa ya Afrika 2024 kule Maroko, waliwafunga AS FAR ku fainali 1-0, hapa Kamalondo hatukulala. Basketi banaweza. Handboli banaweza. Unawapa hoki juu ya nini? Kisha mtoto anapenda, anakuwa muzuri, na halafu? Ule wa Scotland alihama kilomita mia tano akapata ekipi. Wa kwako atahamia wapi?

Sisemi kwa ubaya.

BintiBirere (Goma)

Papa Kamalondo sikukasirika, aksanti kwa kusema wazi. Hata mama ananiulizaka vilevile kila asubuhi nikitoka na lile gongo.

Lakini nikuelezee tunachezea wapi. Kwetu chini ni mawe ya volkano, yale meusi, ukianguka unachunika goti lote, mpira ukidunda unaenda upande wake wenyewe. Tulijaribu siku mbili tukaacha. Sasa tunatumia tereni ya basketi ya shule moja, beto (zege), wanatufungulia saa kumi na mbili kasoro mpaka saa moja mbele ya wanafunzi kuingia. Tunakuja na mifagio. Kila binti anafagia kipande chake juu changarawe ndogo ikibaki mpira unaruka usoni, na tunatumia mpira wa tenisi, ule mgumu wa gramu 160 tunauogopea meno. Bila maji hata tone moja. Na magongo yako matatu, la kwangu na mawili fundi aliyatengeneza mwezi uliopita, kwa hiyo watatu wanacheza wanne wanakimbia, tunabadilishana, yaani ile ya Yaya ya kutoka na kuingia sisi tunaifanya bila kuijua.

Kuko moja ana miaka 13, mdogo mdogo, mama yake anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, ku soko ya Virunga. Wiki iliyopita nilimpa mpira nikamwambia nipite. Hakunipita kwa mbio. Alisimama, akavuta mpira nyuma kidogo kwa ncha ya gongo, mimi nikaingia, akausukuma kati ya miguu yangu akazunguka. Sikuwahi kumfundisha hiyo. Mi nilifundishwa Kampala na kochi na ilinichukua mwaka. Papa, we kama mzazi ungemwambia yule mtoto aache?

Sijui atahamia wapi. Ila swali lako la maji limeniingia na ningependa mtu anijibu, kweli hoki haiwezekani bila maji?

Kochi_Kadutu (Bukavu)

Inawezekana na hata FIH wenyewe wanatafuta namna ya kuachana na maji, juu kote duniani yanakuwa shida, tereni ya Paris 2024 ilitengenezwa itumie maji machache kuliko za zamani, na wanafanyia kazi nyasi zisizoomba maji kabisa.

Halafu Papa Kamalondo, na wewe uko karibu na mpaka, kuko kitu kinaitwa Hockey5s. Watu watano kila upande na gardie (kipa) ndani yake, tereni ndogo yenye ubao pembeni mpira unagonga na kurudi, na unaweza kufunga kutoka popote. Mwezi wa kwanza 2024 walifanya kombe la dunia la kwanza la mchezo huo Muscat, Oman, na wanawake wa Zambia walikuwepo! Zambia, jirani yako pale Kasumbalesa. Mabinti saba wa dada ni ekipi moja na wawili wa kubadilisha. Afrika si mgeni kwenye hoki pia, wanaume wa Kenya walikuwa wa nne kombe la dunia la kwanza Barcelona 1971, na mashindano ya kwanza kabisa ya hoki ya wanawake kwenye Olimpiki, Moscow 1980, dhahabu ilienda Zimbabwe, ingawa ekipi ile yote ilikuwa ya wazungu wa kule.

Na nikurudishe Scotland kidogo ili usifikiri wao mambo yao yamenyooka. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2026 wameipanga Glasgow kwao, lakini wamepunguza mpaka michezo 10 kwa sababu ya gharama, na hoki wameitoa. Uwanja wa Glasgow Green uko palepale mjini, Yaya amekaa karibu nao mwenyewe, na atakanti wa Scotland mashindano yanakuja ku mlango wa nyumba yake na yeye hayumo. Fikiria mchezaji kama Charlotte Watson, naye ni mshambuliaji, Scotland na GB, au kwa wanaume Alan Forsyth aliyefunga magoli na magoli kwa klabu ya Surbiton. Michezo ile njo ilikuwa nafasi yao kubwa ya kuvaa Scotland mbele ya watu wa kwao, mama na shangazi wakiwa jukwaani. Mi iliniuma kusoma, na wala si mtu wa kule.

Papa_Kamalondo (Lubumbashi)

Zambia sikujua. Aksanti kochi.

Dada, ile ya mtoto wa sambaza, hapana, nisingemwambia aache. Lakini masomo kwanza, umwambie hivyo kila siku na mama yake asikie.

YayaWaHimbi (Goma)

Mdogo wangu wa Birere, kumbe tuko mji mmoja na mimi nafikiria ni mtu wa mbali. Nikuandikie vitu nilivyoona wanafanya wasichana wa kule kwenye mazoezi ambavyo havihitaji nyasi, wewe utachagua.

Chora nusu duara. Hili usilicheleweshe, mshambuliaji asiyejua yuko ndani au nje anapoteza magoli ya bure. Chukua kamba ya mita 14.63, mmoja ashike kwenye mlingoti wa goli wa kulia na mwingine azunguke na chokaa, kisha mlingoti wa kushoto, halafu katikati unaunganisha kwa mstari ulionyooka. Milingoti inaachana mita 3.66. Tereni ya basketi upana wake ni kama mita 15 kwa hiyo duara zima halitaingia, basi punguza mpaka mita tano na nusu, wazo wanalipata.

La pili ni mguso. Kule kulikuwa na mshambuliaji mzee, wa miaka kama 40, alikuwa anakuja saa nzima kabla ya wenzake na kufanya kitu kimoja tu. Anasimama karibu na mlingoti wa pili, magoti yamekunjwa, gongo limelala chini kabisa karibu vidole vinagusa ardhi, na mtoto wake anampigia mpira kwa nguvu kutoka pembeni. Hapigi. Anaweka tu gongo, anageuza kifundo cha mkono kidogo mpira unabadilisha njia unaingia. Mara mia, mara mia mbili. Nikamuuliza kwa nini hapigi, akaniambia nguvu tayari iko ndani ya mpira. Beto lenu litawasaidia sana kwa hili kwa sababu linateleza, anzeni polepole, na asiyekuwa na gongo ndiye awe anarusha.

Na ile ya kugeuza gongo na kupiga mpira ukiwa kushoto kwako, wafundishe mapema. Beki anajua mkono wako wenye nguvu uko upande gani na anafunga upande huo. Ukiweza kugeuza gongo ukapiga kwa ubapa uleule ukiwa umeinama karibu na ardhi, umemfungulia mlango wa pili ambao hakuwa ameulinda. Ila gongo la mkaratusi zito hilo mikono ya mtoto wa miaka 13 itachoka, mwambie fundi apunguze unene pale kwenye mpini.

Jumanne niko huru asubuhi. Nikija na mifagio miwili mtanipokea?

BintiBirere (Goma)

Yaya!! Uje hata bila ufagio. Geti liko upande wa nyuma, sema unakuja kwa mabinti wa magongo, sentineli anatujua.

Mwana_Ibanda (Bukavu)

Samahani naingilia, nasomaka tu siandikaka. Kaka yangu ni seremala hapa Ibanda, nilimuonesha hii mazungumzo anasema anaweza kuchonga. Munipe vipimo vya gongo, urefu, uzito, na ile kona ya chini inapinda kiasi gani.

BintiBirere (Goma)

Sheria inasema urefu usipite sentimita 105 na uzito usipite gramu 737. Kwa mtu mzima wa kawaida kata 93, kwa mtoto msimamishe wima upime kutoka chini mpaka juu kidogo ya mfupa wa nyonga, la yule wa miaka 13 lilitoka 86. Unene, gongo lote pamoja na utepe wake lazima lipite ndani ya pete ya milimita 51, fundi wangu alikata kipande cha bomba la maji cha kipimo hicho na anapitisha gongo mle ndani, likikwama anarudia kusugua. Chini ipinde kama herufi J, ncha ielekee juu, isiwe ndefu kama kiganja kizima. Kushoto bapa, kulia mviringo, mwambie mara tatu juu wangu alisahau. Na asitumie msumari popote, hata ule mdogo. Mpini tunauzungushia mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande vyembamba, unashika vizuri hata mkono ukitoka jasho.

Kama atachonga mawili la pili nitalinunua mimi, boti ya Bukavu ikija nitatuma mtu bandarini.